Ali, Tyson, Foreman, Usyk: wangekutana katika ubora wao, umchague nani?

Mwaka 1969 Muhammad Ali na Rocky Marciano walipanda ulingoni pamoja katika studio moja mjini Miami. Ali alikuwa amenyang'anywa mkanda na leseni kwa kukataa kwenda jeshini. Marciano alikuwa na miaka 45, amestaafu tangu 1956, akajipunguza mwili na kuvaa nywele za bandia ili afanane na yule Marciano wa zamani. Wakarushiana makonde mepesi mbele ya kamera, raundi fupi fupi nyingi, wakaigiza kila namna ambayo pambano linaweza kwisha. Kompyuta ikaachiwa iamue vipande gani viunganishwe. Wiki chache baadaye, Agosti 31, Marciano akafa katika ajali ya ndege. Filamu ilipotoka Januari 1970, Wamarekani waliona Marciano akishinda kwa KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea, raundi ya 13. Ulaya ikaonyeshwa toleo ambalo Ali ndiye mshindi.

Kompyuta moja, mabondia walewale, majibu mawili. Na kabla ya hapo, mwaka 1967, kompyuta hiyohiyo ilitumika katika mashindano ya redio na ikasema Ali angepigwa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ali alikasirika mpaka akaenda mahakamani.

Ubishi huu wa bondia yupi angemshinda yupi naupenda kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo inaniuma kuona unaendeshwa kwa kelele. Mmoja anasema Mike Tyson angemmaliza Ali ndani ya raundi mbili, mwingine anasema Ali angemchezea Tyson kama mtoto, na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: Ali yupi, na Tyson yupi? Ali aliyecheza kwa miguu Houston mwaka 1966 si yule aliyeegemea kamba Kinshasa mwaka 1974. Katikati yake kuna zaidi ya miaka mitatu bila pambano, tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970, umri wa miaka 25 hadi 28, ambao kwa bondia ndio umri wenyewe. Tyson aliyempiga Michael Spinks Juni 1988 alikuwa na kocha wake Kevin Rooney kwenye kona yake. Yule aliyelala sakafuni Tokyo mbele ya Buster Douglas Februari 1990 alikuwa ameshaachana na Rooney, na unaona hata kichwa hakisogei tena kama zamani. Msipokubaliana tarehe, mtabishana usiku kucha mkiwa mnazungumzia watu wanne.

Swali la pili ni sheria za nani. Hili watu hulipuuza kabisa, na lina uzito kuliko wanavyodhani. Mapambano ya ubingwa yalikuwa raundi 15 mpaka baada ya kifo cha Mkorea Duk Koo Kim mwaka 1982, ndipo vyama vya ndondi vikaanza kushuka hadi 12. Sasa angalia. Juni 1941, Joe Louis alipokutana na Billy Conn, baada ya raundi 12 Conn alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wawili na kadi ya tatu ilikuwa sare. Louis akamwangusha raundi ya 13. Septemba 1952 Philadelphia, Jersey Joe Walcott alikuwa anaongoza kwenye kadi zote tatu baada ya raundi 12. Marciano akamlaza raundi ya 13 kwa konde moja la kulia. Kwa sheria za leo Louis angeupoteza mkanda wake kwa Conn, na rekodi ya Marciano ya mapambano 49 bila kupoteza isingekuwepo. Rudi nyuma zaidi na mambo yanakuwa mengine kabisa: Julai 1919 mjini Toledo, Jack Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza, na kila Willard alipojaribu kuinuka alimkuta Dempsey amesimama juu yake. Sheria ya leo ingempeleka Dempsey kwenye kona ya mbali akasubiri kuhesabiwa.

Mimi natumia raundi 15, mwamuzi mkali wa kawaida, kona ya mbali wakati wa kuhesabu. Wewe ukitaka 12, sawa, ila useme mapema.

La tatu ni mwili. Mpaka wa uzito wa kruza, daraja lililo chini ya uzito wa juu, leo ni pauni 200, yaani kilo 90.7. Marciano alipigana na kilo 84 au 85. Dempsey vivyo hivyo. Louis alikuwa palepale mpakani. Kwa vipimo vya sasa wengi wa mabingwa wa zamani wasingehesabiwa uzito wa juu. Hata hivyo usikimbilie kumpa ushindi mtu mkubwa. Louis alimpiga Primo Carnera mwaka 1935 huku Carnera akimzidi karibu kilo 30, na Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury Desemba 2024 huku akizidiwa kilo 25. Uzito unaamua pale ambapo ujuzi umelingana. Ujuzi usipolingana, kilo za ziada ni mzigo wa kubeba mpaka raundi ya 12.

Na jambo moja la kukataa kabisa: hesabu ya mnyororo. "Larry Holmes alimpiga Ali, Tyson alimpiga Holmes, basi Tyson angempiga Ali." Kwa hesabu hiyo Trevor Berbick angekuwa mkubwa kuliko wote, maana alimshinda Ali mwaka 1981. Chukua mfano ambao haukataliki: Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971. George Foreman alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973. Ali akamlaza Foreman Kinshasa Oktoba 1974. Watu watatu, kila mmoja amempiga mwenzake, duara limefungwa. Mtindo wa mtu unakutana na mtindo wa mtu, na hapo ndipo pa kuangalia.

Ali wa Novemba 1966 na Tyson wa Juni 1988

Tarehe hizi ndizo mashabiki wa pande zote huzitaja: Ali usiku aliompiga Cleveland Williams kwenye uwanja wa Astrodome, Tyson usiku aliommaliza Spinks kwa sekunde 91 mjini Atlantic City.

| | Ali 1966 | Tyson 1988 |
|---|---|---|
| Umri | 24 | 21 |
| Urefu | sm 191 | sm 178 |
| Urefu wa mikono | sm 198 | sm 180 |
| Uzito | kama kilo 96 | kama kilo 99 |
| Rekodi kabla ya usiku huo | 26 bila kupoteza | 34 bila kupoteza |

Wengi hushangaa kuona Tyson ndiye mzito. Ni mfupi kwa sentimita 13, lakini kilo zake zote zimejaa shingoni, mapajani na mgongoni, na ndiyo maana konde lake lilikuwa linatoka na mwili mzima.

Mapambano hayo mawili yanang'aa, lakini yana dosari na lazima isemwe. Williams alikuwa amepigwa risasi na askari wa barabara kuu huko Texas mwaka 1964, akapoteza figo moja. Aliyesimama mbele ya Ali hakuwa yule Williams aliyekuwa akiogopwa. Spinks naye hakuwa amepoteza pambano hata moja, ila alikuwa bondia wa uzito wa chini aliyeongezwa mwili, na ukitazama uso wake akiingia ulingoni utaona pambano limekwisha kabla ya kengele. Ukitaka kuwapima watu hawa, usiwapime kwa mapambano yao mazuri. Wapime kwa yale yaliyowauliza maswali.

Tyson aliulizwa maswali mwaka 1987. James "Bonecrusher" Smith alimkumbatia raundi 12 mfululizo, pambano likawa baya kulitazama, Tyson akashinda kwa pointi. Tony Tucker, mrefu wa sentimita 196, alimtikisa kwa konde la kutokea chini katika raundi ya kwanza, kisha akazunguka, akakumbatia, akafika raundi ya 12 ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa umeumia. Hapo utaona kitu kimoja kwa macho yako: Tyson akikumbatiwa, anatulia. Mikono inasimama, anamsubiri mwamuzi aje awatenganishe. Frazier hakuwa hivyo, Frazier aliendelea kusaga mbavu hata akiwa amebanwa.

Ali alikuwa bingwa wa kubana. Glavu ya kushoto nyuma ya shingo, kichwa cha mwenzake kinavutwa chini, uzito wa mwili unaegemezwa juu. Alifanya hivyo kwa Frazier katika pambano lao la pili, Januari 1974, usiku kucha, na mwamuzi akaacha. Mtu wa sentimita 178 akivutwa shingo na mtu wa sentimita 191 kwa raundi saba, miguu yake inachoka kabla ya mikono.

Lakini usidhani nampunguzia Tyson. Tazama pambano lake na Tyrell Biggs, Oktoba 1987. Biggs alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya 1984, mrefu, jabu nzuri, yaani lile konde la mkono wa mbele linalotangulizwa, na miguu ya kuzunguka. Raundi ya kwanza alifanya kila kitu ambacho wapenzi wa Ali wanasema kingemshinda Tyson. Kufika raundi ya tatu alikuwa anavuja damu, kufika ya saba alikuwa amekwisha. Tyson alikuwa haendi moja kwa moja. Anateleza chini ya jabu upande wa kulia, mguu wa mbele unaingia kati ya miguu ya mpinzani, kisha kulia mbavuni na kulia hiyohiyo inapanda kidevuni. Mara mbili kwa mkono mmoja, bila kurudi nyuma. Mtu anayeshusha viwiko kulinda mbavu anaachia kidevu wazi, na konde la pili limeshafika.

Na Ali alikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana: konde la kupinda la kushoto. Sonny Banks alimwangusha kwalo mwaka 1962. Henry Cooper alimwangusha kwalo Wembley mwaka 1963 mwishoni mwa raundi ya nne, kengele ikamwokoa. Frazier alimwangusha kwalo raundi ya 15 mwaka 1971. Mara zote tatu kosa ni lilelile: mikono chini, kichwa kinavutwa nyuma kwa mstari ulionyooka badala ya kuinamishwa pembeni. Kwa macho yake yale alikwepa makonde elfu kwa namna hiyo. Moja likimpata, linampata mzima. Tyson ndiye mwenye konde hilo kwa kasi kuliko bondia yeyote wa uzito wa juu ninayemfahamu.

Kwa hiyo raundi nne za mwanzo ni za hatari ya kweli, na shabiki wa Tyson anayemchagua mtu wake kwa KO raundi ya pili au ya tatu hajasema upuuzi. Mimi sendi naye kwa sababu moja: Ali hakuwahi kuhesabiwa mpaka kumi. Cooper alimpiga, akainuka. Frazier alimpiga konde ambalo lingemlaza mtu mwingine yeyote, akainuka upesi na kumaliza raundi. Mara pekee aliyoshindwa kabla ya raundi kwisha ni kwa Larry Holmes mwaka 1980, akiwa na miaka 38, na hata hapo kocha wake Angelo Dundee ndiye aliyesimamisha, hakuanguka. Tyson akimpiga akashindwa kummaliza, itakuwa mara yake ya kwanza kukutana na mtu aliyelipokea konde lile na bado anamsemesha. Kuanzia raundi ya tano jabu inaanza kufika, jicho la kushoto la Tyson linavimba kama lilivyovimba Tokyo, na Rooney anapaza sauti kwenye kona. Namchagua Ali, mwamuzi anasimamisha kati ya raundi ya 9 na ya 12. Wakipigana mara kumi nampa Ali saba.

Badilisha tarehe moja tu uone. Mlete Ali wa Kinshasa, wa miaka 32, aliyeegemea kamba akamwacha Foreman ajichoshe. Foreman alikuwa anarusha makonde mapana, ya polepole, yenye kuonekana tangu yanapotoka. Ya Tyson ni mafupi na yanakuja manne kwa pamoja. Ali yule kwenye kamba mbele ya Tyson wa 1988 ni hatari tupu, na hapo, nikilazimishwa, namchagua Tyson.

Foreman wa 1973 na Tyson wa 1988

Hili watu huliogopa na mimi naliona jepesi. Foreman wa Kingston ana sentimita 191, ana mikono mirefu, na ana tabia ambayo haifundishwi: anamsukuma mtu. Anaweka viganja vyote viwili mabegani mwa mpinzani, anamrudisha hatua moja, na hatua ile moja ndiyo umbali wa konde lake la kutokea chini. Frazier aliingia akiwa ameinama kama kawaida yake, akainuliwa na konde la aina hiyo, miguu yote miwili ikaacha sakafu. Ken Norton naye alidumu raundi mbili tu mbele ya Foreman mjini Caracas, Machi 1974.

Tyson ana kasi kuliko Frazier na kichwa chake kinasogea zaidi. Ila anakuja palepale, mbele, akiwa chini, na ni mfupi. Hakuna bondia anayekwenda mbele akiwa ameinama ambaye Foreman yule alishindwa naye. Nafasi ya Tyson ipo katika sekunde thelathini za kwanza, Foreman akiwa hajapasha mwili moto. Ikipita hapo, Foreman raundi ya tatu. Wapo watakaosema Tyson angemchosha Foreman kama Ali alivyomchosha. Ali alimchosha kwa raundi saba za kubana, kuegemea kamba na kumtukana, usiku wa manane katika joto la Kinshasa, pambano likianza saa kumi alfajiri ili liendane na saa za televisheni Marekani. Tyson hakuwahi kushinda pambano lolote kwa subira ya namna hiyo.

Ali wa 1966–67 na Usyk wa 2024

Kati ya yote, hili ndilo linaloninyima usingizi. Usyk ana sentimita 191. Ana mikono ya sentimita 198. Vipimo vya Ali, namba kwa namba. Alishinda dhahabu ya Olimpiki kama Ali, alikusanya mikanda yote ya kruza mwaka 2018, kisha akapanda juu na Mei 2024 mjini Riyadh akamshinda Fury na kuwa bingwa wa kwanza wa mikanda yote ya uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Kwa hiyo hapa huwezi kujificha nyuma ya hoja ya mwili. Ni miguu kwa miguu, jabu kwa jabu.

Tofauti kubwa ni kwamba Usyk ni mashoto. Na kwa bahati tunao ushahidi: Septemba 10, 1966 mjini Frankfurt, Ali alitetea mkanda dhidi ya Mjerumani Karl Mildenberger, bondia wa kwanza wa mkono wa kushoto kugombea ubingwa wa uzito wa juu. Ali alishinda raundi ya 12, mwamuzi akasimamisha. Ila usisome matokeo peke yake, litazame pambano. Ali yuleyule wa ubora wake alionekana kutojua asimame wapi. Mguu wake wa mbele uligongana na mguu wa mbele wa Mildenberger, jabu ikakutana na jabu, na mkono wa kushoto wa Mjerumani ukawa unamfika tumboni kila mara. Mildenberger alikuwa bondia mzuri wa Ulaya. Usyk ni kitu kingine.

Silaha dhidi ya mashoto ni konde la kulia lililonyooka, linalotangulizwa bila jabu. Ali alikuwa nalo. Raundi ya kwanza Kinshasa alimpiga Foreman kwa kulia za namna hiyo mara kwa mara, jambo ambalo bondia haruhusiwi kulifanya mbele ya mtu mwenye nguvu kwa sababu mkono wa kulia unasafiri mbali. Akilitumia kwa Usyk litampata.

Kinachonielemeza upande wa pili ni tumbo. Ukimuuliza yeyote aliyefuatilia Usyk kwa karibu, atakuambia ukitaka kumsumbua piga mwilini. Fury alipokuwa anaongoza katika raundi za kati za Mei 2024, alikuwa anapiga tumbo na kupandisha makonde kutoka chini. Ali hakupiga mwilini. Katika maisha yake yote ya ulingo alikuwa mtu wa kichwa, na mbavu za wapinzani wake zilikuwa salama. Kwa hiyo mlango pekee unaojulikana wa kumwingilia Usyk, Ali hana desturi ya kuubisha. Na ile tabia ya kuvuta kichwa nyuma kwa mstari ulionyooka, mbele ya mtu anayetoka nje ya mguu wako wa mbele na kurusha kushoto iliyonyooka, ni tabia ya kulipa pointi kila raundi.

Raundi 12, namchagua Usyk kwa pointi, raundi saba kwa tano, na najua kuna watu watakaokasirika. Raundi 15 moyo wangu unarudi kwa Ali, maana Usyk hajawahi kwenda huko na Ali alikwenda na George Chuvalo mwaka 1966 na Ernie Terrell mwaka 1967 na kumaliza akiwa anacheza. Kumchagua Usyk katika pambano hili hakumfanyi awe mkubwa kuliko Ali. Ukubwa wa Ali una mambo mengi ndani yake, na mengine hayakutokea ulingoni kabisa.

Louis wa 1938 na Marciano wa 1952

Walikutana kweli, Oktoba 1951, Louis akalazwa raundi ya nane. Alikuwa na miaka 37 na anapigania pesa. Pambano lile halina la kutufundisha. Louis wa Juni 1938, aliyemvunja Max Schmeling kwa sekunde 124 kwenye Yankee Stadium, alikuwa na makonde mafupi kuliko bondia yeyote wa kabla yake: mkono unasafiri sentimita chache tu na mtu anaanguka. Marciano alikuwa na mikono ya sentimita 173, ilimlazimu apite katikati ya makonde hayo ili afike, na Walcott alimwangusha katika raundi ya kwanza alipojaribu. Moyo wa Marciano siubishii. Louis, raundi ya sita au ya saba.

Lewis wa 1999 na Fury wa 2020

Wawili hawa ni wakubwa na wenye akili, na swali ni dogo. Lewis alilazwa mara mbili kwa konde moja la kulia, na Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman mwaka 2001 huko Brakpan, Afrika Kusini. Fury hana konde moja la namna hiyo. Anashinda kwa wingi na kwa kumwegemea mtu. Lewis akiwa na kocha Emanuel Steward kwenye kona na akiwa amejiandaa, namwona akishinda kwa pointi na kumwangusha Fury angalau mara moja.

Holmes wa 1980 na Tyson wa 1988

Hili nimeliacha nyuma kwa sababu Larry Holmes husahauliwa, na ni dhambi. Alishinda mapambano 48 bila kupoteza, akatetea mkanda mara 20, na jabu yake kwangu ndiyo bora kuliko zote za uzito wa juu, hata ya Ali. Watu wanakumbuka Januari 1988 tu, Tyson alipomwangusha mara tatu katika raundi ya nne. Holmes yule alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepanda ulingoni kwa karibu miaka miwili.

Lakini pambano lile lina ushahidi wa kweli ndani yake. Tyson alimpata kwa kulia inayopita juu ya mkono wa kushoto uliokuwa umeshuka baada ya jabu. Earnie Shavers alimpata kwa konde hilohilo Septemba 1979. Renaldo Snipes alimpata vilevile mwaka 1981. Si uzee, ni kasoro aliyozaliwa nayo ulingoni. Tofauti ni kwamba Holmes wa miaka 29 aliinuka kwa Shavers, ambaye wengi waliopigana naye wanasema hakuna mtu aliyepiga kwa nguvu kuliko yeye, na akamsimamisha raundi ya 11. Kwa Snipes pia aliinuka, na pia akamsimamisha raundi ya 11.

Kwa hiyo naliona hivi: Tyson anamwangusha Holmes kabla ya raundi ya tano, uwanja mzima unasimama, Holmes anainuka kwa hesabu ya sita au ya saba, anabana, anapumua, anarudi kwenye jabu. Raundi ya sita hadi ya kumi ni zake zote. Kwa raundi 15 namchagua Holmes kwa pointi. Kwa raundi 12, kwa kuwa ameshaangushwa na amepoteza raundi mbili tatu za mwanzo, kadi zinakuwa karibu sana, na hapo namchagua Tyson kwa pointi moja.